Mpira wa Baiskeli kwenye Jiko la Bi Harusi

Nyinyi vijana mnaofunga majiko ya gesi hapa Kamembe, ninawaona mnavyopita mbele ya nyumba yangu na chupa juu ya pikipiki, mmoja anaendesha, mwingine amekumbatia chupa kama mke wake. Siwasemi vibaya. Sisi tulizibeba kichwani, na sidhani kama kichwa kilikuwa na akili kuliko pikipiki. Ninaandika kwa sababu wawili kati yenu walinisimamisha sokoni wakaniuliza kama ni kweli kwamba zamani mafundi walitafuta gesi inayovuja kwa kutumia kiberiti. Niliwajibu kwamba ni uongo. Nilipofika nyumbani nikaona kuwa mwongo ni mimi. Basi nawaandikia ukweli, na mengine niliyoyafunika pamoja nao.

Jina langu ni Matayo. Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu Wanyarwanda, nikasoma mpaka darasa la tano. Nilivuka daraja la Rusizi kuja huku Rwanda na familia yangu baada ya vita vya huku kwisha, wakati watu wengi walikuwa wanarudi na magodoro na masufuria yao vichwani. Kazi ya gesi nimeifanya mpaka magoti yalipokataa kupigwa sakafuni. Nina madaftari ya shule ambamo niliandika kila jiko nililofunga: siku, nyumba, nilichobadilisha, nilichokosea. Sikuandika kwa sababu najua kuandika. Niliandika kwa sababu sikuamini kichwa changu, na mpaka leo sikiamini sana. Mahali nitakaposema "labda", mjue daftari limenyamaza.

Siku zile gesi ilikuwa ya watu wachache. Mapadri, hoteli, nyumba za wageni wa misaada, na familia zilizorudi kutoka Kongo na jiko lao la oveni, lile tuliloliita kizinieri. Wengine wote walipika kwa mkaa, kwenye imbabura. Na hata wenye kizinieri, wengi waliliweka sebuleni na kitambaa cha kufuma juu yake, na maua ya plastiki juu ya kitambaa, wakapika uani kwa mkaa. Niliitwa mara nyingi kutengeneza majiko yasiyo na ugonjwa wowote isipokuwa kutopikiwa.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Saidi, Mwislamu wa hapa hapa Kamembe, fundi wa mabati. Alitengeneza imbabura, taa na majiko ya mafuta tangu ujana wake. Gesi alijifundisha mwenyewe, na hilo lilionekana usoni pake: nyusi ya kushoto ilikuwa fupi kuliko ya kulia. Kila zilipokaribia kulingana, alipata kazi nyingine.

Siku ya kwanza aliyonichukua tulikwenda kwa mfanyabiashara wa vitenge. Fundi Saidi akafungua gesi kidogo, akaifunga, akawasha kiberiti, akakipitisha kando ya mpira kutoka kwenye chupa mpaka kwenye jiko, polepole, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Pale inavuja, yenyewe itatuambia," alisema.

Ikatuambia. Moto wa buluu ulitoka kama ulimi wa mbuzi, ukamlamba, ukapotea, maana iliyobaki ilikuwa gesi ya ndani ya mpira tu. Fundi Saidi akakaa chini, akagusa nyusi.

"Fundi, umeona?" mwenye nyumba akauliza kutoka mlangoni.

"Nimeona."

"Ni wapi?"

"Pale pale nilikuwa ninaangalia."

Aliyetutoa kwenye ujinga ule hakuwa fundi. Alikuwa mke wake, Mama Zuhura. Tulirudi, yeye anafua uani, akamtazama mumewe, akaendelea kusugua nguo bila haraka. Kisha akasema, "Baba Zuhura, tundu la baiskeli unalitafuta kwenye beseni la maji. Hili la gesi unalitafutia moto kwa sababu gani? Linakuogopa?" Kesho yake nilimwona Fundi Saidi anatia kipande cha sabuni mfukoni. Watu waliosoma watawaambia kwamba kupima kwa povu kulitoka Ulaya, na labda ni kweli. Hapa Kamembe kulitoka kwenye beseni la Mama Zuhura, na mimi siwezi kumnyang'anya heshima yake.

Nawapa hivi nilivyopewa. Chukua sabuni ya kufulia, maji kidogo, piga mpaka povu lishike kama ute wa yai. Funga vifungo vyote vya jiko, fungua chupa. Paka povu kwenye shingo ya chupa. Paka kwenye detanderi, kile kichwa kinachofungwa juu ya chupa kupunguza nguvu ya gesi. Paka kwenye vibanio viwili vya mpira na mpira wenyewe wote, mpaka mgongoni mwa jiko. Halafu ngoja. Hapo kwenye kungoja ndipo ninawaona mnakosea. Mnapaka, mnatazama kidogo, mnaitwa kwenye simu, mnakwenda. Gesi inayovuja sana haina haja ya povu, pua inatosha. Povu ni kwa ile inayovuja kidogo, na ile haina haraka. Mimi niliimba wimbo mmoja wa kanisa moyoni, beti zote, ndipo nikainuka. Fundi Saidi naye alikuwa na dua yake ya kusoma. Tulimaliza pamoja, karibu.

Kuna mpishi mmoja wa parokia, Papa Anakleti, mtu mwema sana, aliyetuma niitwe mbio kwa sababu chupa yake ilikuwa na homa. Nilimkuta ameifunika blanketi. Alikuwa anapika maharage ya watu wengi, moto wote umefunguliwa, na chupa imeshikwa na baridi mpaka inatoka jasho jeupe. Baridi ile si ugonjwa. Gesi ikitoka upesi kuliko chupa inavyoweza, chupa inapoa. Unapunguza moto, unaiacha ipumzike. Yeye alikuwa ameielewa kwa njia nyingine. Chini ya blanketi, karibu na chupa, alikuwa ameweka imbabura yenye mkaa mwekundu, ili ipate joto kidogo.

Nilitoka nje kwanza. Ndipo nikamwita.

"Papa Anakleti, njoo huku."

"Nikuje ju ya nini? Mugonjwa iko huku."

"Toa imbabura kwanza. Kama hautoi, wagonjwa tutakuwa siye."

Aliitoa. Mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, tulipokutana aliniuliza habari za homa, na mimi nilimjibu imepungua.

Jambo lingine ambalo sitaki mlisahau: gesi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Haipandi kama moshi. Inashuka, inatembea sakafuni, inaingia chini ya kitanda na kukaa huko. Watu wengi siku zile waliweka chupa chini ya kitanda kwa kuogopa wezi, wakafungua dirisha la juu wakidhani wamejikinga. Ukisikia harufu, dirisha halitoshi. Funga chupa shingoni. Usiguse swichi ya taa, wala kuiwasha wala kuizima. Kama kuna mkaa unaowaka, utolewe nje. Fungua mlango, chukua ufagio au mkeka, sukuma ile hewa ya chini nje kama unafukuza kuku. Watu wakikucheka, endelea. Nimechekwa kwenye nyumba nyingi, na zote bado zimesimama.

Sasa nifike pale nilipokuwa ninapazunguka.

Ulikuwa mwaka mmoja katika ile ya vita vya Kongo, wakati daraja lilifungwa na kufunguliwa bila mtu kujua mapema. Siku nyingine tulisikia mabomu ya ng'ambo tukiwa tunakunywa chai, tukahesabu ndugu zetu walioko kule, tukaendelea na kazi. Hata hivyo watu waliendelea kuoana. Kijana mmoja mwalimu, Damasiyani, alioa msichana aliyelelewa Bukavu, jina lake Furaha. Baba yake Furaha, kati ya vitu ambavyo bi harusi anapelekwa navyo kwake, alimpa kizinieri chenye mioto minne na oveni. Kilivuka daraja juu ya mkokoteni, kimefungwa utepe, wanaume wanne wanasukuma, na watu wa mpakani wakasimama kukitazama. Kiliingia Kamembe, nyumbani kwa Mzee Karoli, baba yake Damasiyani, na mkewe Maman Verediana, ambako vijana wangekaa mpaka wajenge.

Mnajua desturi. Bi harusi hagusi kazi ya nyumba mpaka afanyiwe gutwikurura: ndugu zake waje na vyakula, atolewe rasmi, ndipo awe mwanamke wa nyumba ile na kushika moto. Kizinieri nacho kilingoja. Kilifunikwa kitenge, hakuna aliyekigusa, hata Maman Verediana. Gutwikurura ilipangwa Jumamosi, na Furaha angewasha jiko lake mbele ya wageni wote na kuwachemshia chai.

Niliitwa asubuhi ya Jumamosi hiyo kulifunga tu. Kazi ndogo. Nilipofungua chupa iliyotoka Bukavu, ikatoa pumzi moja ikanyamaza. Ilikuwa tupu. Daraja lilikuwa limefungwa tangu Alhamisi. Mzee Karoli akatafuta kwa majirani, akaleta chupa nyingine iliyokuwa imepitia Bugarama, mpakani, kutoka Bujumbura. Imejaa, nzuri. Lakini mdomo wake haukuwa sawa na ule wa Bukavu. Detanderi ya Furaha ilizunguka kwenye uzi wa mdomo ule mara mbili tu, ikacheza kama jino la mtoto.

Wageni walikuwa wameanza kuingia. Shangazi yake Furaha, anayeishi Nkanka, alifika na vikapu vya viazi, samaki na ndizi, anaimba tangu njiani. Kila aliyeingia alichungulia jikoni na kusema, "Leo tunakunywa chai ya gesi." Mimi nimelala chini ya lile jiko na jasho langu.

Nilijua la kufanya. La kufanya lilikuwa kusimama na kusema: leo chai ni ya mkaa, detanderi hii hailingani na chupa. Fundi Saidi alinifundisha kwa kinywa chake kwamba gesi inakula mpira wa baiskeli, inaulainisha kama ndizi iliyoiva, na kwamba mtu asiutumie hata kwa dakika. Lakini kumwambia bi harusi siku ya kutolewa kwake kwamba jiko lake halina moto, na ndugu zake wamekaa pale? Kwetu moto unaokataa siku ile unasemwa miaka mingi. Niliona aibu yake kabla haijaja. Sijui kama hiyo ilikuwa huruma au woga. Nimejiuliza sana, nadhani vyote viwili.

Nikachukua kipande cha mpira wa baiskeli, kile kila mtu hapa anachofungia mzigo, nikakata viduara vitatu, nikavipanga ndani, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Nikapaka povu. Nikaimba beti zote. Halikuvuja. Nasema kweli, siku ile halikuvuja, na daftari linasema hivyo pia. Furaha akaja na kitenge chake kipya, akawasha kiberiti kwanza, kisha akafungua kifungo, kama inavyotakiwa, na moto ukatoka buluu, umenyooka. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilikunywa chai vikombe vitatu.

Kwenye daftari niliandika: "Kwa Mzee Karoli. Nimefunga kwa mpira wa baiskeli. Nirudi Jumatatu."

Jumatatu sikurudi. Daraja lilikuwa bado limefungwa, detanderi sikuwa nayo, na kurudi mikono mitupu kungenilazimu kueleza nilichofanya. Jumatatu ya pili niliitwa Nyakarenzo. Ya tatu sina sababu. Nimeitafuta kwenye daftari, haimo.

Katika wiki hizo, Maman Verediana alianza kusikia harufu kila asubuhi. Yai lililooza, alisema. Mzee Karoli hakusikia kitu, alivuta kiko tangu ujana. Damasiyani alikuwa shuleni. Maman Verediana akafika pale ambapo mtu yeyote angefika: jiko halikunuka mpaka lilipoguswa na mkamwana, basi mkamwana hafungi vifungo vizuri. Furaha aliapa kwamba anafunga. Akaanza kukagua mara tatu kila anapotoka jikoni. Harufu ikaendelea. Msichana yule, kwa kutaka kujitetea, akachukua nyuzi za mgomba akafunga kila kifungo kwa fundo dogo, ili asubuhi ionekane kama kuna kilichogeuzwa. Asubuhi mafundo yalikuwa mazima, na harufu ipo. Badala ya kumsaidia, nyuzi zile zikamwangusha kabisa. Majirani walianza kuulizana ni dawa gani hiyo anayofunga jikoni kwa mkwe wake.

Habari zilinifikia Jumamosi sokoni. Jumapili baada ya misa, familia ingekaa. Maman Verediana alitaka kizinieri kitoke kwenye nyumba yake, na Furaha arudi kwa shangazi yake Nkanka "apumzike kidogo". Mnajua maana ya kupumzika kwa namna hiyo. Wengine wamepumzika mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Na mimi nimeitwa niseme kama fundi ni kifungo gani anachoacha wazi, halafu nisaidie kubeba jiko.

Nilikwenda na beseni, sabuni na daftari. Daftari nililitia ndani ya shati. Sikuwa nimeamua kama litatoka.

Walikuwa sebuleni: Mzee Karoli, mkewe, Damasiyani na macho yake chini, na shangazi wa Nkanka ambaye safari hii hakuimba. Furaha aliagizwa anishikie beseni jikoni. Alikuwa amekonda.

"Papa Fundi," akaniambia kwa sauti ndogo, "mimi nafungaka. Lakini sasa hata mimi nimeanza kujiuliza. Pengine mikono yangu inafungula bila miye kujua."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Harufu na jiko nilikuwa nimeshavikadiria tangu sokoni, lakini kwamba mtu mwenye mikono mizuri ameanza kuiogopa mikono yake, hilo sikuwa nimelihesabu.

Nikapaka povu kwenye vifungo vinne na cha oveni. Nikangoja. Kimya. Nikapaka kwenye mpira, kwenye vibanio. Kimya. Nikapaka shingoni mwa chupa, chini ya detanderi, na sikuwa nimefika hata kiitikio wakati povu moja lilivimba, likatoa jicho kama chura, likapasuka, na jingine likaja nyuma yake.

"Hii ni muzuri ao ni mubaya?" Furaha akauliza.

"Ni mubaya," nilimjibu. "Lakini haiko ya kwako."

Nikafunga chupa, nikafungua detanderi. Viduara vyangu vilitoka vimevimba, laini, vinanata vidoleni. Nitawaambia pia wazo lililonipitia, kwa sababu niliahidi ukweli. Ningeweza kuvitia mfukoni. Ningekaza upya kwa vingine, niseme nimekuta kifungo kimoja kibovu nimekitengeneza, na hakuna mtu Kamembe nzima angejua. Furaha alikuwa ananitazama usoni, si mikononi. Nikaviweka juu ya kiganja, tukaenda sebuleni.

"Basi, Fundi," Maman Verediana akasema. "Tuambie. Ni kifungo gani huyu mutoto anaacha wazi?"

"Hakuna, Maman."

"Unasema mimi niko na pua ya uongo?"

"Hapana. Pua yako iko sawa kuliko pua zote za hii nyumba. Gesi inavuja kweli. Na yeye anafunga kweli. Anayefungula ni miye."

Nikaweka vile viduara juu ya meza, kwenye kitambaa chake cheupe, jambo ambalo pia nilijuta. Nikatoa daftari nikasoma ule mstari, maana nilijua nikisema kwa kichwa nitaanza kuupamba. "Kwa Mzee Karoli. Nimefunga kwa mpira wa baiskeli. Nirudi Jumatatu."

Mzee Karoli akatoa kiko mdomoni.

"Jumatatu ya gani?" akauliza.

Shangazi wa Nkanka ndiye aliyecheka kwanza, cheko lililotoka tumboni, akajaribu kulizuia kwa kitenge likashinda. "Papa Karoli, muache, iko inakuja. Jumatatu ya watu ba Kamembe inatokaka mbali." Damasiyani akacheka, kisha akatazama mama yake akaacha, kisha akashindwa. Na Furaha akakaa chini kwenye mkeka, akafunika uso, mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Labda alikuwa anafanya vyote.

Maman Verediana hakucheka. Na hapa lazima niwe wa haki, kwa sababu wengi waliosimulia habari hii wamemfanya mama mkwe wa hadithi. Hakuwa hivyo. Nyumba nzima ilimwambia anasikia harufu ya kichwani mwake, na nyumba ile labda imesimama kwa sababu ya pua yake na ukaidi wake. Kosa lake lilikuwa kumtaja mtu kabla ya kutafuta tundu. Langu lilikuwa kubwa zaidi: nililijua tundu, nikaliacha lipate jina la mtu mwingine.

Alivichukua viduara, akavibonyeza, akavinusa, akavirudisha.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa na haki," alisema.

"Ndiyo, Maman."

"Na huyu mutoto naye alikuwa na haki."

"Ndiyo."

"Basi mubaya ni nani hapa?"

"Nimeshasema, Maman."

"Sema tena. Shangazi yake alikuwa anacheka, pengine hakusikia."

Nikasema tena. Ndipo akainuka, akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na kisu kidogo, akamwita Furaha. Wakaenda kukata nyuzi za mgomba kwenye vifungo, moja baada ya nyingine. Hakumwomba msamaha kwa maneno, au labda alimwomba kule jikoni. Mimi sikuwepo, kwa hiyo siandiki.

Mzee Karoli alitoa hukumu: chupa ikae nje uani, chini ya paa la kuni, na mimi niende Bugarama nikatafute detanderi ya mdomo ule, na nisirudi bila hiyo. Nilikwenda Jumatatu. Nilihakikisha ni Jumatatu. Kwenye lori la mchele, nimekaa juu ya magunia, nilipita mashamba ya bonde la Bugarama kwa moyo mwepesi mpaka nikajiuliza kama mtu aliyekosa anaruhusiwa kufurahi hivyo. Bugarama walinitafutia, nikajaribu tatu, ya nne ikakaa kwenye uzi kama kifuniko kwenye sufuria yake. Nikanunua na mpira mpya wa gesi, ule wa kweli, na kiduara chake cha kiwandani.

Jumanne nilifika kwa Mzee Karoli, nikairudisha chupa jikoni, karibu na mlango, nikafunga, nikakaza. Nikaomba beseni.

Furaha hakunipa. Alilishika yeye, na povu alikuwa ameshalipiga, zito, bora kuliko langu. Akapiga magoti akapaka shingo, akapaka detanderi, akapaka vibanio. Nilitaka kumwonyesha mahali amepitisha haraka, akaniambia, "Papa Fundi, wewe ungoje," kwa adabu yote, na nikangoja. Tangu siku ile sijafunga jiko hata moja bila kumpa mwenye jiko apime kazi yangu kwa mkono wake. Wengine wanaona ni dharau. Fundi anayejua kazi yake hapungukiwi na kitu, na asiyejua anaokolewa.

Akakaa pale muda mrefu, midomo inatembea. Sijui aliimba wimbo gani, lakini ulikuwa na beti nyingi. Mwishowe akasema, "Hakuna kitu. Imenyamaza."

Maman Verediana alikuwa amesimama nyuma yetu na mikono kiunoni. Nilidhani atasema afadhali, au aniambie nikaribie chakula. Alivuta kitenge chake, akapiga magoti kando ya mkamwana wake, bega kwa bega, akainamisha ile pua yake mpaka karibu iguse chupa.

"Paka tena," alimwambia. "Huyu namujua."

Mimi nikaambiwa nikasimame nje. Nikasimama. Nikawasikia mle ndani wanaonyeshana pa kupaka, hapa bado, na hapa, na hapa chini, na wanacheka, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuniita.